Njia ya Punda wa Chumvi

Mwaka ule maua yalikuwa saba.

Mama Filimbi aliyahesabu mara tatu. Mara ya kwanza alidhani macho yamemdanganya, mara ya pili akajisingizia haraka. Mara ya tatu alipiga magoti kwenye mchanga uliokuwa bado na unyevu wa mvua ya juzi, akachomeka kijiti kando ya kila shina kama alivyofundishwa zamani, kisha akarudi nyuma hatua kumi akahesabu vijiti badala ya maua. Vijiti saba. Akatoa daftari kwenye mfuko wa sare yake, akaandika tarehe, akaandika saba, akalifunga upesi kama mtu anayeufunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Ua lenyewe watu wa pale waliliita nyota-mchanga. Si ua la kumsimamisha mpita njia. Mmea wake haufiki hata kifundo cha mguu, majani yake ni manene na yana manyoya meupe kama kidevu cha mzee asiyenyoa, na ua ni la zambarau iliyopauka. Linafunguka jua likichomoza, na kabla ya adhuhuri limeshafumba. Lilikuwa likiota mahali pamoja tu: kwenye matuta ya mchanga yaliyo kati ya mabwawa ya chumvi na barabara, kipande ambacho ukikivuka na mwenzako hammalizi kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani.

Kipande hicho kilizungushiwa vigingi na kamba. Kila kigingi alikikita yeye, na kila fundo alilifunga yeye.

Jina la Mama Filimbi alipewa na watoto wa shule, akakasirika mwezi mmoja, halafu akalizoea. Filimbi ilikuwa ya chuma, imefungwa kwa kamba ya kiatu, inaning'inia kifuani mchana kutwa. Mtu akiinua mguu tu kutaka kuruka uzio, inalia. Ililia kwa waokota kuni, kwa wapenzi waliokuwa wakikimbizana, kwa mbuzi waliopotea njia. Siku moja ilimlilia mkuu wa kituo mwenyewe, aliyekuwa akinyatia nyuma ya tuta kujisaidia, na kituo kizima kilivunjika mbavu kwa wiki nzima.

Kituo chenyewe kilikuwa cha utafiti wa mimea: vyumba vinne vya paa la bati, makabati ya chuma yenye harufu ya karatasi kuukuu na dawa ya nondo, na meza ndefu iliyopungukiwa mguu mmoja ikategemezwa kwa matofali. Alianza pale kama mfagiaji. Wakati huo mtafiti alikuwa mzee mmoja mkimya mwenye miwani mizito, watu wakimwita Mzee wa Miwani. Asubuhi moja alimwita mfagiaji wake akamwambia aache fagio amfuate. Wakapanda tuta. Mzee akachuchumaa, akamwonyesha ua, akamwambia kwamba halipo mahali pengine popote anapopajua yeye, na kwamba watu wanalikanyaga bila kujua. "Nakuachia wewe," akasema. Mwaka huo walihesabu wote wawili, maua mia tatu na arobaini, na mzee akachora kila moja mahali lilipo kwenye karatasi kubwa. Miaka michache baadaye mzee akafariki. Zikabaki kamba, filimbi, zile karatasi kabatini, na maneno yale mawili matatu.

Wenye elimu huwa hawajui uzito wa maneno kama hayo kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa. Kabla ya siku ile, Mama Filimbi alikuwa ameachiwa kitu kimoja tu cha kulinda maishani mwake, na hakikuwa ua.

Alikuwa na miaka kumi na miwili mama yao alipokufa kwa homa na kumwachia mtoto wa miezi minane. Baba alikuwa kibarua wa mabwawa ya chumvi, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi amechoka hata kusema. Basi mtoto akawa wa dada. Alimfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu, akafagia naye, akachota maji naye, akaenda naye shule siku tatu mpaka mwalimu akamwambia achague moja. Alichagua mtoto. Baadaye watu walipomuuliza kwa nini hakuzaa, alikuwa akijibu, "Mimi uzazi wangu nilianza mapema, nikamaliza mapema." Walicheka naye akacheka, kisha akageuza uso.

Mtoto alikua, akawa mwanamume mrefu mwenye mdomo wa mizaha, na kama baba yake akaishia kwenye chumvi. Ila yeye alikuwa na punda. Alimwita Meneja, kwa sababu, alivyosema, hafanyi kazi mpaka asukumwe na akifanya anataka aonekane. Kila siku Meneja alibeba magunia mawili ya chumvi, moja kila ubavu, kutoka mabwawani, juu ya matuta, mpaka barabarani ambako wanunuzi walikuwa wakisubiri. Jioni walirudi watupu, mwanamume akipiga mluzi na punda akijifanya hasikii. Njia yao ilipita katikati ya kile kipande cha maua. Ilikuwapo kabla ya kamba, kabla ya kituo, pengine kabla ya baba yao.

Miaka ya mwanzo Mama Filimbi aliwaachia mwanya. Kigingi hiki na kile, katikati pakabaki wazi, upana wa punda na mzigo wake. Hakuna aliyeuliza. Kisha mkuu wa kituo akabadilishwa, sheria zikabandikwa mlangoni, na watu waliokuwa wakipigiwa filimbi wakaanza kusema. Mpishi wa kituo ndiye aliyemtolea uvivu, mbele ya watu, sufuria mkononi.

"Mwenzetu filimbi yako inachagua. Sisi tukipita inalia mpaka masikio yanauma. Ndugu yako akipita na punda mzima, imeishiwa pumzi."

Watu walicheka. Mama Filimbi hakucheka. Yule mwanamke alimchoma mahali pabovu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Siku hiyohiyo alifunga mwanya.

Kesho yake ilikuwa katikati ya kiangazi. Mchanga ulikuwa mtupu, mweupe, unachoma nyayo, wala hapakuwa na jani moja. Mdogo wake alifika na punda na mzigo, akasimama mbele ya kamba, akaitazama, akamtazama dada yake aliyekuwa amesimama upande wa pili.

"Dada, umetandaza kamba ya kuanikia nguo?"

"Zunguka, mdogo wangu. Njia imefungwa."

"Nizunguke wapi? Kule ni tope tupu mpaka magotini."

"Zunguka tu."

"Mimi ni mimi, dada. Huyu ni Meneja. Tumekosa nini?"

"Kamba ni ya watu wote."

Mdogo wake alicheka, akadhani ni mzaha unaochelewa kumalizika. Akainua kamba kwa mkono mmoja, akamwinamisha punda kichwa, akampitisha. Hapo filimbi ililia. Ililia kwa nguvu kuliko siku zote, mpaka watu wa mabwawani wakasimama na majembe yao kutazama. Mdogo wake aligeuka polepole, uso umemshuka.

"Unanipigia mimi? Kwenye mchanga mtupu?"

Mama Filimbi alitoa daftari akaandika. Aliandika siku hiyo, akaandika ya pili, akaandika ya tatu, na daftari likafika mezani kwa mkuu. Mdogo wake akapigwa marufuku kwa barua yenye muhuri. Tangu hapo alizungukia kwenye tope. Haukupita mwezi, Meneja akazama mguu kwenye shimo la maji ya chumvi na mzigo mgongoni, mguu ukavunjika mara mbili. Walimaliza mateso yake palepale. Asiyekuwa na punda hakuwa na kazi mabwawani.

Wao wawili walikuwa bado wakiishi nyumba moja, ile ya baba yao, vyumba viwili na ukumbi. Mchana wa siku aliyoondoka, mdogo wake alimkuta anachagua mchele uani. Aliweka ufunguo juu ya ungo, katikati ya mchele.

"Ulinibeba mgongoni, dada. Nashukuru. Sasa umenishusha."

Hakurudi. Ilisikika kwamba yuko mji wa pili, kwenye mashine ya kusaga nafaka. Miaka kumi na mitatu ikapita, na miaka yote hiyo Mama Filimbi alijiambia kitu kimoja: angalau maua yamepona.

Hayakupona. Mwaka ule wa kufunga mwanya yalikuwa mia mbili na kumi na nane. Mwaka uliofuata yakapungua, naye akaongeza kamba ya pili chini ya ile ya kwanza. Yakafika tisini, akaongeza vigingi. Yakafika arobaini na moja, akaacha kwenda kula mchana nyumbani, akawa anakula mkate wake kavu akiwa amekaa kwenye tuta, macho huku na huku, akimtafuta mwizi. Maana alishaamini kwamba yuko mtu anayeyang'oa. Wakati huo nyasi zilikuwa zimeanza kutambaa ndani ya uzio, kijani, zimeshikana vizuri, na mchanga ukatulia ukawa na ukoko juu kama uji uliopoa. Mama Filimbi alifurahi kuona kijani. Alidhani ni baraka.

Mtaalamu mpya alifika mwaka wa maua saba. Alikuwa binti mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vikubwa vya kazi na tabia ya kuomba radhi kabla ya kuuliza swali. Alimwita Mama Filimbi "mama" tangu siku ya kwanza, akambebea ndoo bila kuombwa. Wiki ya pili alifungua kabati, akatoa zile karatasi za Mzee wa Miwani, akazitandaza kwenye meza yenye matofali, moja kando ya nyingine, mwaka kwa mwaka.

"Samahani mama, njoo uone kitu."

Mama Filimbi aliweka fagio ukutani. Kila ua lilikuwa nukta ya wino. Alizijua karatasi zile, alishika kikombe cha wino wakati zinachorwa, lakini hajawahi kuziona zote pamoja, na kutoka juu. Nukta hazikuwa zimetawanyika. Zilikuwa mstari. Mstari mnene uliopinda kidogo, ulioanzia upande wa mabwawa na kuishia upande wa barabara.

"Mmea hauoti mstari hivi wenyewe," binti akasema. "Nadhani mbegu zake haziwezi kuota zikifunikwa sana. Lazima kitu kiuvuruge mchanga, kizipandishe juu kidogo, kivunje na nyasi. Sisi tumeutuliza mchanga, mama. Tumezizika." Akaweka kidole kwenye mstari. "Wewe ndiye wa zamani hapa. Hapa palikuwa panapita nini?"

Ndani ya chumba kile palisikika bati likilia kwa joto. Mama Filimbi alikitazama kile kidole. Alijua jibu kabla swali halijaisha. Aliziona kwato nne na nyayo mbili, asubuhi na mzigo, jioni bila mzigo. Aliuona ufunguo juu ya mchele. Akajua pia kwamba akilitamka neno lile, basi miaka kumi na mitatu yote inabadilika jina. Haitakuwa tena gharama ya kuokoa kitu. Itakuwa hasara tupu.

"Upepo," akasema. "Upepo wa huku una njia yake."

Binti aliitikia kwa kichwa polepole, akaandika. Alimwamini.

Uongo ule ulimkaa Mama Filimbi kooni kama mwiba wa samaki. Binti aliufanyia kazi kwa bidii: alipima upepo mwaka mzima kwa kijibati kinachozunguka juu ya mti, alichimba vishimo, akang'oa nyasi upande ambao upepo ungepita, yaani upande usio wenyewe. Mama Filimbi alimshikia futi ya kupimia. Mara nyingine alifungua mdomo, akaishia kusema, "Mwanangu, vaa kofia, jua kali." Usiku alilala, lakini aliamka amechoka. Alianza kukwepa chumba cha mdogo wake, ambacho miaka yote alikuwa akikifagia kila Ijumaa kama kwamba mwenyewe yuko safarini.

Mvua zikaja. Wakahesabu pamoja. Vijiti vitatu.

Binti alikaa chini kwenye mchanga na viatu vyake vikubwa, akajifuta uso kwa kiwiko, na Mama Filimbi akaona kwamba analia, analia kimyakimya kama mtu anayeona aibu kulilia ua.

"Mbegu zina muda wake," binti alisema baadaye. "Zikikaa chini miaka kumi, kumi na mbili, kumi na tano ikizidi sana, zinakufa. Kila mwaka tunaopoteza..."

"Ni punda," akasema Mama Filimbi.

"Nini?"

"Palikuwa panapita punda. Punda wa chumvi, na mdogo wangu. Mimi ndiye niliyewafungia. Nilijua siku ile uliponionyesha karatasi." Alivua filimbi shingoni, akaishika mkononi, hakujua aiweke wapi. "Mwaka mzima, mwanangu, nimekupotezea mimi. Upepo hauhusiki."

Binti hakumgombeza, na ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alisema tu, "Mama," halafu akauliza kama yule punda yupo. Hayupo. Kama kuna punda mwingine. Chumvi siku hizi inachukuliwa na malori kwa barabara ya lami. Hakuna punda hata mmoja. Trekta lingesaga kila kitu. "Basi huyo ndugu yako," binti akasema. "Yeye anajua alivyopita. Anaweza kutuonyesha?"

Jumamosi Mama Filimbi alivaa gauni lake la kutokea, akaenda mji wa pili.

Mashine ya kusaga ilikuwa kwenye kibanda cha mabati kando ya soko, na kelele zake zilisikika tangu stendi. Mlangoni palikuwa na foleni ya wanawake na ndoo zao. Ndani, katikati ya vumbi la unga, alisimama mtu mweupe kuanzia nywele mpaka kope. Mama Filimbi hakumtambua kwa sura. Alimtambua kwa jinsi alivyoweka mkono kiunoni akisubiri gunia lijae, vilevile alivyosimama zamani akimsubiri Meneja.

Naye alimwona. Mkono ukabaki kiunoni.

"Shikamoo dada!" alipaza sauti juu ya mashine, kama anayemsalimu mteja.

"Marahaba! Naweza kuongea na wewe?"

"Ongea!"

"Zima kidogo mashine!"

"Siwezi! Wateja wanasubiri!"

Basi ikabidi apige kelele. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima kuyasema kwa upole, akiwa ameinamisha kichwa, aliyasema kama mchuuzi wa sokoni, mishipa ya shingo imemtoka.

"Nimekuja kukuambia nilikosea!"

"Nini?"

"Nilikosea! Kukufungia njia!"

Foleni nzima iligeuka. Mama mmoja mwenye ndoo nyekundu aliinama kwa msagaji akamsaidia, "Anasema alikosea, kukufungia njia!"

"Nimesikia, mama, ahsante," akasema mdogo wake. Alifunga mdomo wa gunia, akaweka jingine, hakumtazama dada yake. "Alikufa Meneja, dada!"

"Najua!"

"Hujui! Hukuja kumwona!"

Mama Filimbi alisogea karibu mpaka unga ukaanza kumtua kwenye gauni. Akamweleza yote sikioni, mkono umezunguka mdomo: karatasi, mstari, kwato, mbegu, uongo wake wa mwaka mzima, maua matatu. Mdogo wake alisikiliza huku akimimina mahindi. Dada yake alipomaliza, alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwa hiyo tulikuwa watunza bustani mimi na Meneja, na hatukulipwa."

"Ndiyo."

"Sikiliza nikuambie kitu." Sasa na yeye alimsogelea, na harufu ya unga wa moto ikamjia dada yake usoni. "Wakati yanachanua mimi nilikuwa sipiti juu yake. Unajua hilo? Nilikuwa namteremsha punda kwa chini, kwenye mteremko, anateleza, ananitukana kwa macho. Miezi miwili kila mwaka. Nilikuwa naogopa kuyakanyaga, kwa sababu ni maua yako. Yakishakauka ndipo narudi juu. Wewe ulikuja kunipigia filimbi kiangazi, hakuna hata jani. Ungeniuliza tu, dada. Ungeniuliza ningekuambia."

Mama Filimbi alisimama pale, unga umemjaa kope.

"Njoo utuonyeshe," akasema. "Siku moja tu."

"Hapana."

"Mdogo wangu."

"Sina kinyongo na wewe, nilishakimaliza, nilikisaga humuhumu." Akapiga ubavu wa mashine kwa kiganja. "Ila pale sipiti tena. Usinibembeleze. Rudi salama, dada, gari la saa nane lisikuache." Kisha akamgeukia mama mwenye ndoo nyekundu. "Wa kwako unataka laini au wa kati?"

Kiangazi kilipoingia, Mama Filimbi na binti waling'oa vigingi vyote. Kazi ilichukua siku mbili, maana vingine vilikuwa vimeota kutu na kung'ang'ania. Walikata nyasi kwa jembe. Halafu asubuhi ya tatu, binti alipofika kazini, aliona mtu anapanda tuta kutoka upande wa mabwawa, ameinama, gunia la chumvi mgongoni limefungwa kwa kanga.

"Mama! Unafanya nini?"

"Napita."

"Una miaka sitini na mbili!"

"Punda naye hakuwa kijana."

Gunia halikuwa zima, robo tu, lakini kwa mgongo wake lilitosha. Alipita asubuhi na mzigo, jioni bila mzigo. Alijaribu kukanyaga kizito, kisigino kwanza, mchanga ufunguke. Watoto wa shule walimwona, na haukupita muda wakawa wanamfuata nyuma kwa mbali wakilia kama punda, na mmoja akiimba, "Mama Filimbi kawa Meneja!" Sijui jina lile walilipata wapi, labda kwa baba zao. Alipolisikia alisimama katikati ya njia, na watoto wakatimua mbio, wakidhani amekasirika. Filimbi hakuwa nayo. Alikuwa ameitundika msumarini kwenye chumba cha mdogo wake. Alikuwa amesimama tu kwa sababu hakuwa amelisikia jina hilo likitamkwa kwa furaha kwa miaka kumi na minne.

Mgongo ulimuuma. Alijipaka dawa ya misuli, akajikaza, akaenda. Siku zingine binti alibeba yeye, akayumba, wakacheka. Kiangazi kizima, na siku alizokosa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, zote za homa.

Kisha mvua zikanyesha, mvua nzuri, za kutulia. Wakangoja wiki tatu kama inavyotakiwa. Walipanda tuta mapema, kabla jua halijachomoza, ili yasije yakafumba. Mama Filimbi alikuwa na vijiti ishirini mkononi. Walitembea wameinama, huku na huku, mabwawani mpaka barabarani, kisha wakarudi. Mchanga ulikuwa umefunguka vizuri, laini, unaonyesha kila kitu. Yaliota magugu mawili matatu ya kawaida. Yale matatu ya mwaka jana hayakurudi.

Jua likachomoza, likapanda. Vijiti vyote ishirini vilikuwa bado mkononi.

"Labda tumechelewa," binti akasema. "Labda bado. Mwaka mmoja hautoshi kujua." Hakuwa akimfariji, alikuwa hajui kweli, na Mama Filimbi alimpenda kwa hilo.

Aliandika sifuri kwenye daftari. Ilimtoka kubwa, kama ya mtoto anayejifunza kuandika. Binti aliposhuka kwenda kituoni, yeye alibaki juu ya tuta, akatoa simu, akapiga namba aliyopewa na mama mwenye ndoo nyekundu siku ile kwenye foleni, namba ambayo hajawahi kuipiga. Iliita muda mrefu. Ilipopokelewa, kelele za mashine zilimjia sikioni kama maji.

"Haloo! Nani?"

"Ni mimi. Dada yako."

"Nani?"

"Dada!"

"Mangapi?"

"Hakuna!"

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna hata moja! Nimepita kiangazi chote, na gunia mgongoni, hakuna!"

Mashine ikaendelea kunguruma. Mama Filimbi alidhani amekata, akaitoa simu sikioni kuitazama. Dakika zilikuwa bado zinahesabu. Akairudisha.

"Ulikuwa unapita wapi ukifika pale penye jiwe?" mdogo wake aliuliza.

"Kushoto!"

"Kushoto? Nani kakuambia kushoto? Meneja hakuwa anapita kushoto hata siku moja. Alikuwa... Dada, unanisikia?"

"Sikusikii vizuri!"

"Subiri," akasema. "Subiri hapohapo. Nizime mashine."

Alisubiri, amesimama pale juu, vijiti ishirini mkono mmoja na simu mkono mwingine. Aliusikia mkanda wa mashine ukipungua kasi, ukipungua, mpaka akaanza kusikia sauti za wateja wakilalamika, halafu hata hizo zikanyamaza.